Panya wa Kitambaa

Binti mkubwa wa Mama Solange alinipigia simu nikiwa sokoni Fungurume, katikati ya kelele za malori, akaniambia mama yake amefariki. Nilimwachia jirani meza yangu ya mboga nikapanda gari la Kolwezi jioni ile ile. Msibani nilikaa kwenye mkeka upande wa wanawake, nimeegemea ukuta, kwa sababu siku hizi mgongo wangu hauniombi ruhusa kabla ya kuanza kuuma, nikasikiliza watu wakimsifu marehemu. Walisema alikuwa mtu wa sala, mkarimu, na kwamba sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, haikuwa na mpinzani. Yote kweli, hata ile ya sombe. Lakini hakuna aliyetaja mwaka ule wa Musonoi, na mimi nilinyamaza pia, maana ukianza kusimulia habari za paka mbele ya jeneza watu watadhani uchungu umekupanda kichwani. Basi naandika hapa, ambapo hakuna wa kunikazia macho. Nilimpenda Solange, na kumpenda kwangu kulianzia kwenye mkasa wa paka, mwaka ambao kidogo tu yeye mwenyewe angetuvunjia nyumba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekuja Musonoi, mtaa wa Kolwezi ulio kando ya mgodi, kujifunza ushonaji kwa Nkambo Feza. Namna tulivyohusiana ni hadithi ndefu isiyo na faida; nilimwita Nkambo, yaani bibi, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Aliishi katika nusu moja ya nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, zile zilizojengwa mbili mbili zikigawana ukuta wa katikati. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, sebule, ghala na chumba changu cha kulala kwa wakati mmoja. Cherehani ya miguu ilikaa dirishani. Pembeni yake kulikuwa na kabati lenye kioo kilichopasuka, halafu gunia la unga wa mahindi juu ya matofali, halafu godoro langu limekunjwa. Kila walipolipua miamba kwenye shimo la mgodi, sahani zililia kabatini na Nkambo alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akangoja, akaendelea kushona kama vile mgeni amepita na kwenda zake. Tulikula bukari, yaani ugali, na sombe, bukari na lengalenga, na siku za heri bukari na ndakala, visamaki vidogo vilivyokaangwa na nyanya juu ya mbabula, jiko letu la makaa la uani. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani naona njaa.

Tulikuwa na panya wengi mno. Walitoboa gunia, walikula sabuni, na mara moja walitafuna kola ya shati la mteja. Nkambo aliletewa paka dume wa rangi ya majivu ili awamalize, akampa jina la Kapita, yaani msimamizi wa kazi, na kwa kweli paka yule alifanya kama makapita wote: alikaa akatazama wenzake wakihangaika. Panya walipita mbele yake naye akakunja mikono chini ya kifua. Kosa halikuwa lake. Alikotoka walikuwa wamemfunga kamba kwenye mguu wa meza tangu alipoachishwa kunyonya, kama ilivyo desturi ya huko kwetu, maana paka akizurura huishia kwenye chungu cha mtu. Alikuwa amekua bila kukimbiza hata jani.

“Huyu hakusoma,” Nkambo akasema, akimwangalia juu ya miwani yake iliyofungwa uzi, kisha akanigeukia. “Nani alimufundisha kazi? Hakuna. Mado, leta ile bipande. Tutamufungulia masomo.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutengeneza vitu vya paka kuchezea, na sijui kazi niliyowahi kuifanya kwa furaha zaidi. Tulianza na darasa la chini: mpira wa maganda makavu ya mahindi, mwepesi, unaochakarika ukiguswa. Halafu vifuniko vya soda tulivyovitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye uzi. Mwisho Nkambo akabuni panya wa kitambaa. Alichukua kipande, akakijaza vipande vingine vidogovidogo vya vitambaa, akatia ndani kijiwe cha kijani, zile kokoto za shaba tulizokuwa tukizikanyaga njiani kila siku, ili panya awe na uzito na akibiringishwa aende upogo kama panya halisi. Mkia ulikuwa unyoya wa kuku. Kisha alimzungushia uzi mwekundu mara nyingi, akaukaza, na kuacha ncha zake zikining’inia ili ukucha wa paka upate pa kunasa. Uzi ulikuwa mwekundu kwa sababu ulikuwa umebaki tuliposhona sare za kwaya. Kama kwaya ingechagua bluu, labda nisingekuwa na cha kuandika.

Lakini ujanja wenyewe ulikuwa kwenye pedali. Nkambo hakuwa mtu wa kuacha kazi ili acheze. Alifunga kamba ndefu kwenye pedali ya cherehani, akaipitisha juu ya egemeo la kiti, akamning’iniza panya wa kitambaa mwishoni, na kila alipokanyaga kushona sketi ya mtu, panya alikuwa anaruka juu na kushuka chini. Kapita siku ya kwanza alikimbilia chini ya kabati. Siku ya pili alitoa kichwa. Haikuchukua muda akawa anangoja pale sakafuni kuanzia asubuhi, mkia ukichapa saruji, na Nkambo akimwona anachoka kungoja alikuwa anakanyaga pedali bila kitambaa chochote kwenye sindano, akijidai anajaribu mashine. Nilimwona. Mjukuu wangu sasa ana paka, wazazi wake wamemnunulia panya wa plastiki mwenye magurudumu, anapiga hata kelele. Paka alimnusa, akaenda kulala. Nikawaambia leteni mkasi na soksi iliyotoboka, nao wakacheka, wakaleta, na paka akachanganyikiwa kwa furaha mpaka akaangusha pazia.

Mwanafunzi wetu alifaulu. Alikamata panya wake wa kwanza nyuma ya gunia, na Nkambo alimpigia makofi kana kwamba amepata diploma. Toka hapo akawa na desturi ambayo hatukuijua vizuri. Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Solange, wa umri wangu au zaidi kidogo, na mume wake Jean-Claude, mchimbaji wa mkono aliyekuja kutafuta maisha kwenye mashimo kama vijana wengi, na mtoto wao mchanga, Ruth. Solange alipokuwa akisafisha ndakala mlangoni, alimtupia Kapita vichwa. Kapita akaanza kumpelekea asante. Kila alichokikamata alikwenda kukiweka mbele ya mlango ule, akakaa, akangoja malipo. Panya wa nyama Solange aliwafagia na kutushukuru. Wale wa kitambaa sisi tulidhani wamepotelea chini ya kabati, na tulikuwa tunatengeneza wengine.

Ukuta wa nyumba zile haukuficha kitu. Tulijua Jean-Claude anapokoroma, tulijua wanapogombana kuhusu chumvi, tulijua wimbo ambao Solange alimwimbia mtoto. Mvua zilipoanza tukasikia kilio cha Ruth kimebadilika. Kwanza kilikuwa kikali, halafu kikawa chembamba, na hicho chembamba ndicho kilichomfanya Nkambo aweke mkasi chini.

“Hanyonye,” tulimsikia Solange akisema kule ng’ambo. “Tangu jana hanyonye. Iko moto kama mbabula.”

“Tumupeleke ku dispensaire,” Jean-Claude akajibu.

“Mama Pasteur alisema hii haiko ya dispensaire. Alisema kuko mukono ya mutu.”

Mama Pasteur alikuwa mke wa mchungaji wa chumba kidogo cha sala pale mtaani. Nataka nimtendee haki: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe, na mtu aliyezika watoto hutafuta sababu mpaka aipate. Nkambo alisikiliza maneno yale akiwa amesimama, kiganja juu ya gurudumu kama mlipuko unakuja. Halafu akaniambia nipike uji mwepesi, aupeleke kwa mtoto. Nilimkatalia. Bibi mjane anayeishi na paka, anayepeleka uji kwa mtoto anayeugua wakati watu wanatafuta mkono wa mtu? Alinielewa, na nilichukia jinsi alivyonielewa upesi.

Asubuhi tulisikia Solange anapiga yowe. Nilipotoka nilimkuta amesimama mlangoni kwake na mtoto kifuani, anatazama chini, na watu wanakuja mbio kutoka kila upande. Mbele ya miguu yake alikuwa panya wetu wa kitambaa. Nilimtambua mara moja, na nusura nicheke. Kisha nikamtazama kwa macho yao: kifurushi kidogo, kimezungushwa uzi mwekundu, kina unyoya, kina kitu kigumu ndani, kimewekwa kizingitini pa mtoto mgonjwa. Kicheko kikanikauka.

“Bwanga,” mtu akasema. Ndivyo wanavyoita dawa ya kichawi ya kumtegea mtu.

Solange akainama karibu zaidi, akaona kitambaa chenyewe, cha njano chenye ndege wadogo. “Ni kitambaa ya mutoto yangu!” akalia. “Nilileta miye mwenyewe! Ni ile ya nguo ya Ruth!” Akainua uso, akamtazama Nkambo aliyekuwa ametokea nyuma yangu na futi ya kupimia shingoni. “Nkambo. Juu ya nini? Nilikukosea nini?”

“Haiko bwanga, ni ya paka!” nikapaza sauti. “Ni miye nilitengeneza. Paka anachezaka nayo!”

Mama Pasteur alikwisha kufika. Alinitazama kwa huruma, na huruma yake iliniogopesha kuliko hasira. “Paka anacheza? Batoto yetu habana bya kuchezea, paka ndiyo batamutengenezea? Mwanangu, usimufunike. Lete petroli.”

“Mufungule kwanza,” Nkambo akasema kwa utulivu. “Mufungule, mutaona ni bipande tu.”

Hakuna aliyesogea. Kitu kama kile hakifunguliwi, kila mtu anajua: anayekifungua ndiye anayekipokea. Kinachomwa jinsi kilivyo, na kikishachomwa hakuna tena wa kuuliza kilikuwa nini. Nkambo angebaki mchawi mpaka kufa kwake, na bibi aliyeitwa mchawi mtaani kwetu hakuwa na mlango wa kubisha. Niliwajua wawili waliofukuzwa na watoto wao wenyewe. Hapo nikapata akili ambayo wakati ule niliiona nzuri sana. Nilikimbia ndani, nikachukua kapu lote la vitu vya Kapita, nikaja kulimwaga katikati ya uwanja. “Muangalie!” nikasema. “Biko mingi! Ni byake byote!”

Walitazama. Chini yao kulikuwa na lundo la vifurushi, kila kimoja kimefungwa uzi mwekundu, kila kimoja na unyoya wake. Na kwa kuwa vipande vya fundi hutoka kwenye nguo za wateja, kila mtu pale alianza kujiona. Mwanamke mmoja akaona kitenge chake cha Pasaka. Mwingine akaona gauni la harusi ya dada yake. Mama Pasteur akaona blauzi yake ya Jumapili, ya maua ya zambarau, imefungwa kwa mviringo na kukazwa, na akarudi nyuma hatua moja akishika kifua. Nilikuwa nimewaletea ushahidi kwamba Nkambo amewafunga mtaa mzima.

“Sote,” mtu akanong’ona. “Alitufunga sote.”

Nkambo hakunikemea. Alifanya jambo ambalo sikulitegemea: akakaa chini. Mwanamke wa heshima yake akakaa kwenye vumbi, akaokota panya wa maua ya zambarau, akamshika ncha ya uzi na kuanza kumburuta taratibu. “Kapita,” akaita. “Kapita, kuya. Masomo.” Kapita alikuwa juu ya ukuta mfupi wa uani. Alitazama. Akainua mguu wa nyuma kuelekea mbinguni na kuanza kujilamba, kwa makini, mbele ya waumini wote. Nilitamani ardhi inimeze, na kabla haijanimeza, nimkabe yule paka. Nkambo aliendelea kuburuta, kuburuta, na chozi lilikuwa limesimama kwenye fremu ya miwani yake.

Kisha paka akashuka. Hakwenda kwa Nkambo. Alilijia lile lundo, akazunguka, akanusa hiki na kile kama mama anayechagua nyanya, akaokota mmoja mwenye unyoya mrefu. Alimbeba mdomoni kichwa juu, akapita katikati ya miguu ya watu wanaojitenga haraka haraka, akafika mlangoni kwa Solange, akamweka chini kwa adabu kando ya yule wa kwanza. Akakaa. Akamtazama Solange usoni na kutoa mlio mmoja, ule ule wa kila siku wakati wa ndakala.

Jean-Claude ndiye aliyecheka kwanza. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu ambaye hajalala. “Anaomba kichwa,” akasema. “Solange, angalia, anaomba kichwa ya samaki! Ni weye ulimuzoesha!” Akainama, akamwokota panya wa njano kwa mkono wake wa mchimbaji, akamkata uzi kwa meno. Vipande vikamwagika, na kijiwe cha kijani kikadondoka. Akakigeuzageuza, jiwe analolichimba kutwa nzima. Halafu akamchukua mtoto kifuani mwa mke wake, akaomba baiskeli ya jirani, akaelekea dispensaire, na hakumsikiliza mtu tena. Mama Pasteur alisema kwamba paka naye anaweza kutumwa, na kuna walioitikia. Watu waliondoka hivyo, nusu wanacheka, nusu hawana hakika.

Ilikuwa malaria, na Ruth alipona. Lakini nusu ile isiyo na hakika ndiyo iliyobaki nasi. Hakuna aliyemtukana Nkambo. Walimsalimia, waliuliza habari za magoti yake. Ila vitambaa havikuja. Waliokuwa na shughuli walipeleka nguo kwa fundi wa upande mwingine wa Musonoi, na akina mama waliopita mbele ya dirisha letu waliwavuta watoto upande wa pili wa njia, kwa upole, kama vile wanakwepa dimbwi. Nkambo kila asubuhi aliipaka mashine mafuta na kutia uzi sindanoni, akakaa. Hakutengeneza tena panya. Kapita alilala kando ya pedali, akiitazama, na siku moja nilimsikia Nkambo akimwambia, “Nikukanyagie nini, kazi haiko,” na nikatoka nje kwenda kulia. Nilimwambia tumgawe paka. Alinijibu kwamba paka ndiye pekee aliyemtetea, na huo ndio uliokuwa utani wake pekee kwa wiki nyingi. Solange naye tulimsikia kupitia ukutani, anapika, anaimba kwa sauti ya chini, lakini mlangoni akituona alikuwa anaingia ndani. Nilimchukia. Nilikuwa na umri ule ambao mtu hajui kwamba aibu na kiburi vinatembea kwa mwendo mmoja.

Siku ya siku ilikuwa asubuhi, wakati maji yanatoka kwenye bomba lililo mkabala na nyumba yetu. Wanawake walikuwa wamejipanga na ndoo zao, mtaa mzima, na Mama Pasteur yumo. Nkambo alikuwa amekaa mlangoni juani. Solange akatoka kwake na ndoo mkononi na Ruth mgongoni. Badala ya kuvuka njia, akageuka, akaja mpaka kwetu, akaweka ndoo chini na kufungua kitenge. Kwenye foleni vichwa viligeuka.

Nkambo akaficha mikono chini ya mapaja yake. “Solange, hapana,” akasema kwa sauti ndogo. “Batu banaangalia.”

“Baangalie.” Uso wa Solange ulikuwa mgumu. Hakuomba radhi siku ile, wala siku nyingine yoyote katika maisha yake yote. Hakuwa na kipaji hicho. Alimshika mtoto kwapani, akamkalisha kwenye mapaja ya Nkambo na kungoja, mpaka mikono ya yule bibi ikatoka yenyewe kumzuia asianguke. “Mumukamate, Nkambo. Mi niende ku mayi.”

Akavuka njia. Akajipanga mwisho wa foleni, akatugeuzia mgongo, asitazame nyuma hata mara moja, wakati wengine wote walikuwa wanatazama. Ruth aliikamata miwani ya Nkambo na kuivuta, na Nkambo alimwacha, analia bila kujifuta, kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi. Foleni ilisogea polepole. Zamu ya Solange ilipofika, alimpisha mwanamke aliyekuwa nyuma yake achote kwanza. Kisha akampisha na yule aliyefuata.